Kipande cha kifuu chini ya stendi

Ninayo kaunta buku yenye jalada jeusi ambayo imekuwa mikononi mwangu tangu mwaka 2015, kikundi chetu cha waendesha pikipiki hapa Mtwara kiliponichagua kuwa mweka hazina. Mna kila kitu humo. Ada za mwezi, rambirambi, mchango wa mwenzetu aliyevunjika mguu kwenye kona ya Mikindani, bei ya petroli kila tulipotoka safari. Jumatatu ya wiki iliyopita niliifungua kuandika hesabu yangu ya kwenda Lindi kwenye mkusanyiko wa mwaka huu. Nikaandika mafuta: 16,000. Mstari wa chini yake nikaandika maegesho: 20,000. Kisha nikaweka kalamu chini.

Nilihesabu upya nikidhani nimekosea. Kutoka hapa hadi Lindi ni kilomita kama 110, kwenda na kurudi 220. Pikipiki yangu ina injini ya cc 150 na lita moja inanifikisha kilomita 40, kwa hiyo lita tano na nusu zilinitosha. Hesabu ilikuwa sawa. Nimelipa pesa nyingi zaidi kwa pikipiki kusimama kuliko nilizolipa kwa pikipiki kutembea, na mkusanyiko wenyewe ni wa pikipiki.

Nimeendesha tangu nina miaka kumi na tisa. Duka langu ni la spea, wateja wangu ni bodaboda, walimu, mabwana shamba, wauza samaki wanaotoka Msimbati alfajiri na matenga nyuma. Maisha yangu yote yanazunguka kwenye magurudumu mawili, ndiyo maana jambo hili limenikaa kooni. Ningeweza kulisema kwenye kikao cha kikundi na kuliacha hapo. Kikao tulifanya, maneno yakasemwa, na bado halijatoka.

Nianze na mwaka 2016, kwa sababu bila huo sitaeleweka.

Tulitoka Mtwara tukiwa 23, Jumamosi moja ya Septemba, kabla jua halijachomoza. Kiongozi wa msafara mbele, mfunga mkia nyuma, katikati tumepishana kama meno ya msumeno, mmoja kulia mmoja kushoto, ili kila mtu aone mbele na apate nafasi ya kufunga breki. Tukapita Mikindani bahari ikiwa bado ya kijivu, tukapita Mpapura, Madangwa, tukasimama Mnazi Mmoja kunywa chai na mihogo, kisha tukakata kulia pale Mingoyo kuingia barabara ya Lindi mjini. Mtu ambaye hajawahi kuendesha kwenye msafara hawezi kujua raha ya kipande kile, upepo wa chumvi unapoanza kuingia ndani ya helmeti na watoto wa shule wanakimbilia barabarani kupunga mikono.

Wenyeji wetu wa Lindi walikuwa hawazidi kumi na tano. Hawakuwa na uwanja, hawakuwa na jukwaa. Walikuwa na spika mbili, masufuria ya pilau na ufukwe wa Mungu. Kiingilio kilikuwa 10,000, na ndani yake mlikuwa na fulana, stika na chakula cha usiku. Shida ilikuwa moja tu, pa kuegesha. Wageni wa Dar es Salaam nao walikuwa wamefika, jumla pikipiki zilikaribia sitini, na mchanga wa pale ufukweni ni laini. Ukishusha stendi ya pembeni inazama, pikipiki inalala, kioo kinavunjika, tenki linabonyea.

Hatua chache kutoka ufukweni palikuwa na nyumba ya bibi mmoja yenye ua mpana na mwembe mkubwa. Mwenyekiti wetu akavua viatu mlangoni, akabisha hodi.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, wajukuu zangu. Ngurumo zote hizi ni kwa heri?"

"Heri, bibi. Tunaomba pa kuziweka."

Bibi akatazama msururu ule, akamwita mjukuu wake, mtoto wa miaka kama kumi, akamwambia alete vifuu. Nyumba inayokuna nazi kila siku haikosi vifuu. Yule mtoto akawa anavunja kifuu kimoja vipande viwili mbele ya mwenye pikipiki. Kipande kimoja anakisukumia chini ya stendi isizame, cha pili anakupa mkononi. Ukirudi kuchukua pikipiki yako, unatoa kipande chako, anainama anakifananisha na kile cha chini. Vikikutana kingo kwa kingo, unaondoka. Hakuna vifuu viwili vinavyovunjika sawasawa, kwa hiyo hakuna mtu angeweza kuja na kipande cha kuokota akaondoka na pikipiki ya mwenzake.

Usiku nilikwenda kuangalia mara mbili. Mara zote mbili nilimkuta mzee mmoja wa nyumba ile amekaa kwenye jamvi chini ya mwembe, taa ya chemli pembeni, anavuta uradi. Hakuna aliyemwomba alinde. Kwa watu wa pwani kitu ulichoachiwa ni amana, na amana hailalwi.

Asubuhi mwenyekiti akataka kumpa bibi pesa. Bibi akakataa. "Mwembe niliukuta," akasema, "kivuli chake nitakiuza shilingi ngapi?" Tukamwachia kilo tano za sukari na majani ya chai, na hizo alizipokea kwa sababu zilikuwa zawadi. Ukurasa wa siku ile kwenye kaunta buku yangu unasema nilitumia shilingi 39,000, pamoja na gesti.

Mwaka huu nimetumia 150,000.

Najua vitu vimepanda. Mimi ni mfanyabiashara, na mtu anayeuza spea hawezi kujidai hajui mfumuko wa bei. Petroli peke yake ina historia ndefu. Mwaka wa fedha 2017/18 serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya chombo cha moto na badala yake ikaongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Mwaka 2021/22 ikaongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za mijini na vijijini, na mwaka 2023/24 ikaongezwa 100 nyingine kwa miradi mikubwa. Katikati ya hapo vita vya Ukraine vikatingisha soko la dunia. Serikali ikaanza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 mwezi Juni 2022, na hata hivyo Agosti ile bei kikomo ya Dar es Salaam ilifika 3,410 kwa lita. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, wanatangaza bei mpya, mpaka za wilayani kwetu, Tandahimba, Newala, Nanyumbu. Nazinakili.

Lakini tazama tofauti. Ile shilingi 40 ya 2017 niliielewa na niliiunga mkono mbele ya wateja wangu. Zamani fundi mwenye gari lililokaa nyuma ya nyumba miezi sita alilipa ada sawa na anayezunguka nalo kutwa. Ada ilipohamia kwenye mafuta, anayetembea sana akawa analipa sana, aliyeegesha halipi kitu. Ilisomwa bungeni, ikaandikwa kwenye sheria, na ukipita kwenye lami ya Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50 zilizokuwa vumbi na tope tupu, unaona kitu. Mtu akinitoza na kunieleza, naumia mfukoni tu.

Pale getini Lindi hakuna aliyenieleza kitu.

Ilikuwa Ijumaa jioni. Mwaka huu mkusanyiko ulikuwa kwenye uwanja wenye uzio, si ufukweni tena. Tulikwenda tisa kati ya wanachama 31, na habari ya wale 22 waliobaki nitaifikia. Getini vijana watatu wenye vizibao vya kung'aa walitusimamisha. Tukaonyesha namba zetu za usajili, kwa kuwa kiingilio cha 35,000 kila mmoja tulishalipa kwa simu wiki mbili kabla. Kijana akasema hiyo ni ya mtu, pikipiki ni 5,000. Nikadhani ni 5,000 ya siku zote tatu. Tukalipa, tukaingia.

Usiku tukaenda kulala gesti. Jumamosi asubuhi tukarudi, 5,000 tena. Tukanung'unika, tukalipa. Saa nne ukaanza msafara rasmi wa kuzunguka mji. Huu umo kwenye ratiba, ndio kilele cha shughuli, waandaaji wenyewe wanatangaza kwa kipaza sauti kwamba pikipiki zote zitoke zijipange barabarani. Tukatoka. Tukazunguka mji wa Lindi mzima, watu wamejaa vibarazani, akina mama wanapiga vigelegele. Tukarudi getini. Kijana yuleyule akanyoosha mkono: 5,000.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "sisi tumetolewa humu na nyinyi wenyewe kwenda kwenye msafara."

"Kaka, mimi nimepewa kitabu cha tiketi. Kila kinachoingia nakichania. Jioni napeleka hela kwa mwenye tenda. Nisipochana, ni mimi ninayelipa."

Hakuwa mkorofi yule kijana. Alikuwa na jasho, alikuwa amesimama juani tangu alfajiri, na nadhani posho yake ya siku haikufika tiketi tatu. Ndipo nilipojua kwamba maegesho yalikuwa yametolewa kwa mzabuni. Mwenye uwanja amempa mtu haki ya kutoza, mtu yule amelipa kwanza kutoka mfukoni mwake, sasa anazirudisha pesa zake pikipiki kwa pikipiki. Kamati ya mkusanyiko haiwezi kumzuia hata ikitaka, kwa sababu mkataba si wake. Na mzabuni hana faida yoyote katika kukulindia chombo. Faida yake iko kwenye kutoka na kuingia kwako. Ukikaa umetulia hapati kitu, ukitoka kwenda kula anapata.

Jumapili asubuhi, ya kuagana, 5,000 ya nne.

Nilizihifadhi zile tiketi. Zipo hapa mbele yangu ninapoandika, nne, za rangi ya waridi, na kila moja ina maneno madogo chini: chombo kinaegeshwa kwa dhamana ya mwenyewe. Maneno haya tumeyazoea. Tunayaona hotelini, hospitalini, sokoni, kila palipo na kibao cha maegesho, mpaka hatuyasomi tena. Mimi safari hii nimeyasoma. Maana yake ni kwamba wamepokea pesa yangu lakini hawajapokea pikipiki yangu. Sasa nimelipia nini? Kivuli hakikuwapo. Ubao wa kuweka chini ya stendi haukuwapo, na ardhi ya uwanja ule ni mchanga uleule wa Lindi. Taa ilikuwa moja, nayo ilielekezwa jukwaani.

Usiku wa Jumamosi dada yetu mmoja, muuguzi, ambaye alibaki na wenzake wawili kusikiliza muziki, alirudi kwenye pikipiki yake akakuta saiti mira zote mbili zimefunguliwa. Zimefunguliwa kwa spana, taratibu, na mtu aliyekuwa na muda. Akaenda getini. Wakamwonyesha yale maneno ya chini ya tiketi. Akarudi Mtwara Jumapili bila vioo, malori yakimpita, sisi tukimzunguka mbele na nyuma ili awe salama. Dada huyu ni mtu mpole sana. Tulipofika kwake aliniambia neno moja tu: "Mweka hazina, mwakani usiniandike."

Na wale 22? Nilipita kwa kila mmoja kabla ya safari, kwa kuwa ni kazi yangu kukusanya. Mwalimu wa sekondari alisema 150,000 ni ada ya mtoto. Kijana wa bodaboda anayeendesha pikipiki ya mkataba alinifanyia hesabu ambayo sikuwahi kuifikiria: akienda Lindi Ijumaa mpaka Jumapili, hesabu ya bosi, yaani pesa anayompelekea kila siku, inamsubiri palepale ya siku zote tatu, kwa hiyo kwake gharama inaanza kabla hajawasha injini. Mwingine alisema jambo ambalo nataka waandaaji walisikie kuliko yote. Septemba ni mwezi mbaya kwa mtu wa Kusini. Pesa imeishia kwa vibarua wa kupulizia na kupalilia mikorosho, minada ya korosho haijaanza mpaka Oktoba, na malipo yanaingia kwa mafungu baada ya hapo. Ukimwita mtu wa Mtwara kwenye sherehe mwezi Septemba, umemwita mfuko ukiwa mtupu. Ungemwita Novemba angekuja na mke na shemeji. Mwaka 2016 tulikwenda Septemba ileile kwa sababu 39,000 mtu anaweza kuikopa kwa jirani, lakini 150,000 haikopeki hivyo.

Kuna mmoja alikwenda, na ningependa asingekwenda, au angekwenda kwa namna nyingine. Siku tatu kabla ya safari alikuja dukani kununua oili. Nikaitazama pikipiki yake pale nje, nikakanyaga breki ya nyuma, mguu ukashuka mpaka chini. Breki shuu zimekwisha. Nikamwambia achukue mpya, nauza 6,000. Akasita. "Kaka, nikichukua hizo sina ya geti." Nikampa kwa mkopo, nikamfungia mwenyewe. Lakini nimeendelea kulifikiria jambo lile kila nikifungua duka asubuhi. Pea ya breki shuu na kuingia geti mara moja ni bei karibu sawa, na kijana yule alikuwa tayari kuteremka mlima wa Mikindani bila breki ili asiaibike getini. Miaka ya nyuma wiki ya kuelekea mkusanyiko ilikuwa wiki yangu nzuri ya mauzo: tairi mpya, cheni na sproketi, plagi, kebo. Siku hizi wiki hiyo wananunua viraka vya tyubu. Pesa ya chombo imehamia kwenye shughuli ya kukionyesha chombo.

Nimejaribu kuwa mwadilifu kwa waandaaji. Mwaka 2019 kikundi chetu kiliandaa siku moja ya michezo ya pikipiki pale Mikindani na nilishika mfuko, kwa hiyo najua. Unalipia kibali, unalipia eneo, jenereta, walinzi, huduma ya kwanza, maji. Ukishaleta jukwaa na msanii kutoka Dar, gharama zote nyingine zinakuwa ndogo mbele yake. Na hapo ndipo swali langu lilipo. Nani alisema tunahitaji jukwaa? Nimekaa na waendesha pikipiki kwa miaka mingi na sijawahi kumsikia mmoja akisimulia msanii aliyeimba. Wanasimulia nani alipata pancha Somanga, nani alimbeba nani. Mwaka 2024, kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar es Salaam mwanzoni mwa Mei na Kusini ikakaa siku kadhaa bila kufikika kwa gari kwa njia hiyo, simulizi za mikusanyiko ya mwaka ule zilikuwa za jinsi watu walivyovuka. Hayo ndiyo tunayoyaendea. Jukwaa limeletwa ili mkusanyiko uonekane mkubwa, na ukubwa ule ndio tunaoulipia getini.

Mambo haya hayakuanzia kwetu. Mkusanyiko wa Sturgis huko Dakota Kusini, Marekani, ulianza mwaka 1938 kwa mashindano ya waendeshaji tisa, leo unahudhuriwa na mamia ya maelfu, na wakazi wa mji ule wanakodisha nyua za nyumba zao wageni waweke mahema na pikipiki. Hilo la nyua nimelipenda. Pesa ya maegesho inalala kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba anakujua kwa sura.

London nako, halmashauri ya Westminster ilianza mwaka 2008 kutoza pikipiki pauni 1.50 kwa siku kwa kuegesha barabarani, mahali ambapo zamani zilisimama bure. Waendesha pikipiki wakafanya misafara ya kupinga katikati ya jiji, wakaenda mahakamani mpaka ngazi ya rufaa, wakashindwa. Nilipokuwa nasoma habari zile nilikuwa upande wao moja kwa moja: pikipiki tano zinakaa nafasi ya gari moja, haziharibu lami, haziletei mji foleni. Lakini hata pale, halmashauri iliahidi kwamba pesa itaongeza nafasi na vyuma vya kufungia pikipiki mnyororo. Na pauni ile ilikuwa ya siku nzima, utoke na uingie utakavyo. Sikuwahi kudhani nitakuja kuitamani tozo ambayo wenzangu wa London waliipinga.

Kuna watu wengine waliopoteza ambao hawana hata pikipiki. Mwaka 2016, ikifika saa saba mchana, tulitawanyika mjini Lindi. Mama lishe wa karibu na stendi walitujua kwa majina ya pikipiki zetu, jioni tukawa kwa wauza pweza. Mwaka huu, baada ya kuona kila kurudi ni 5,000, hatukutoka kwenda kula. Tukala ndani ya uzio, wali na kipande cha kuku kwa 8,000, chakula kilicholetwa na mtu mwenye tenda nyingine. Jumapili wakati wa kuondoka nilipita kwa mama mmoja ninayemfahamu tangu zamani kumsalimia tu.

"Mwanangu, mlikuja? Mbona sikuwaona?"

Alikuwa amepika sufuria mbili zaidi, akitegemea sisi. Alisema wali wa Jumamosi aliugawa kwa watoto wa mtaa. Halmashauri zikikubali mikusanyiko hii huwa zinasema inaleta biashara mjini. Geti lile lilikuwa ukuta kati yetu na mji.

Nimeiandikia kamati barua, kwa jina langu na cheo changu, na nitasema hapa nilichoandika ili wanachama wenzangu wajue. Nimeomba malipo yawe mara moja, wakati wa kujisajili, na stika yenye namba ibandikwe kwenye pikipiki, atoke na aingie bila kuulizwa. Nimeomba anayepokea pesa ya maegesho apokee na dhamana: awe na daftari, awe na mlinzi, na kikipotea kioo alipe kioo. Kama mwenye uwanja hataki, basi tuuache uwanja wake turudi ufukweni, na kaya za pale zipewe kazi ya kulinda, pikipiki kumi kwa kila ua, kwa bei ambayo wao wenyewe wataitaja. Nimeomba mwezi uhamie Novemba. Na nimeomba mapato na matumizi yasomwe hadharani siku ya kuagana, kama vikoba vyetu vyote vinavyofanya, maana akina mama wa Chikongola wanaweka shilingi elfu mbili mbili kwa wiki na mwisho wa mwaka kila senti inasomwa mbele ya wote.

Jukwaa nimeliacha mwisho wa barua. Niliandika kwamba tunaweza kuishi bila jukwaa.

Bado sijajibiwa. Ni mapema, siku kumi tu.

Ule ua wa bibi niliupitia Jumamosi wakati wa msafara. Mwembe upo, na ua umefagiliwa. Sikuweza kusimama kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na pikipiki nyingi, nikapiga honi tu.

Jumatatu, baada ya kufunga kaunta buku, nilikwenda kwa fundi wetu. Huyu ni mmoja wa wale 23 wa mwaka 2016, mtu mzima sasa, nywele zimeanza mvi. Usiku wa kuamkia safari alikesha akitutengenezea pikipiki saba, akabana kila nati, na asubuhi alisimama barabarani mpaka taa ya mwisho ikapotea. Nilipomuuliza kwa nini haendi alisema mwaka huu atatutengenezea tu. Hakudai pesa ya ziada.

Nilimpelekea stendi yangu ya pembeni. Ilipinda Jumamosi usiku pikipiki ilipozama mchangani na kulala. Akaifungua, akaiweka juu ya chuma cha reli anachofulia, akachukua nyundo. Akapiga mara mbili, akasimama.

"Hawakuweka hata kipande cha ubao?"

"Hawakuweka."

"Na vifuu?"

"Hakuna, fundi."

Akaigeuza stendi upande wa pili, akaendelea kugonga.